Waraka Uliofuta Kauli Bila Kuitaja

Tarehe 24 Novemba 2021, jijini Dodoma, Profesa Joyce Ndalichako, wakati huo Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata ujauzito, wataruhusiwa kurudi shuleni. Alisema waraka angeutoa siku hiyo hiyo, kwamba hapakuwa na muda wa kusubiri. Waraka ukatoka. Watetezi wa haki za watoto wakapongeza, Benki ya Dunia ikapongeza, na mjadala uliokuwa umeligawa taifa kwa miaka minne ukaonekana umefungwa kwa karatasi moja.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Yote nitakayosema hapa hayapunguzi hata chembe ya thamani yake kwa binti aliyevaa tena sare za shule. Ninachohoji ni namna serikali ilivyoiacha kauli yake ya awali. Haikuikana, haikuieleza, haikuitaja. Ilipita pembeni yake kama mtu anayemkwepa mdai wake njiani.

Kauli yenyewe tunaikumbuka. Juni 22, 2017, Rais John Magufuli, akihutubia mkutano wa hadhara Chalinze mkoani Pwani, alisema katika utawala wake hakuna mwanafunzi aliyepata mimba atakayerudi shuleni. Akatoa na sababu. Alisema msichana aliyezaa, baada ya hesabu chache tu darasani, atamwomba mwalimu ruhusa atoke akamnyonyeshe mtoto anayelia. Aliyataka mashirika yanayowatetea wasichana hao yakafungue shule zao wenyewe. Kwa wanaume wanaowapa mimba wanafunzi alitaka kifungo cha miaka 30, wakatumie nguvu zao kulima wakiwa gerezani. Siku chache baadaye Mwigulu Nchemba, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alionya kwamba mashirika yanayowatetea wanafunzi hao yanaweza kufutiwa usajili.

Kwa hiyo lile halikuwa neno lililomponyoka mtu jukwaani. Ulikuwa msimamo wa dola. Ulikuwa na hoja zake, ulikuwa na vitisho vyake, na ulikuwa na watu wa kuutekeleza katika kila kata yenye shule.

Ni haki kusema pia kwamba Magufuli hakuanzisha desturi ya kuwafukuza wajawazito. Ilikuwepo miongo mingi kabla yake. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zinaruhusu kumwondoa mwanafunzi aliyetenda kosa dhidi ya maadili, au aliyefunga ndoa. Mimba haikutajwa. Wakuu wa shule ndio walioihesabu mimba kuwa kosa la kimaadili, na wizara ikawaacha waendelee. Ndipo ikajengeka tabia ya kuwapanga wasichana mstari na kuwapima, wengine kwa mkojo, wengine kwa kubinywa matumbo, ingawa hakuna sheria iliyoagiza vipimo hivyo. Kilichofanywa Chalinze ni kuichukua desturi iliyokuwa ikijificha ndani ya tafsiri ya kanuni na kuipa sauti ya Amiri Jeshi Mkuu.

Lakini kuna jambo ambalo wengi wameshalisahau, na ndilo lililonifanya niandike. Ilani ya uchaguzi ya CCM ya mwaka 2015, ile ile aliyoinadi Magufuli nchi nzima, iliahidi kuwaruhusu wasichana wa umri wa elimu ya lazima waliopata ujauzito waendelee na masomo. Na wizara ilikuwa imeshaanza kuandaa mwongozo wa kuwarejesha. Kwa maana hiyo, hata Chalinze palikuwa mahali pa kugeuka. Chama kilichosema "watarudi" mwaka 2015 kilisema "hawatarudi" mwaka 2017, kisha kikasema "watarudi" mwaka 2021. Misimamo mitatu ndani ya miaka sita, chini ya chama kile kile, na aliyekuwa Waziri wa Elimu kauli ya Chalinze ikitamkwa ndiye aliyetangaza kuondolewa kwake. Katika kona zote mbili hakuna aliyesimama mbele ya wananchi akasema: jana tulisema hivi, leo tunasema vile, na kilichotubadilisha ni hiki.

Wapo watakaoona huku ni kutafuta makosa penye heri. Binti amerudi darasani, unataka nini zaidi? Nataka mengi zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, ukimya umeacha kila mtu ajibunie sababu. Kati ya Juni 2017 na Novemba 2021, ni nini hasa kilichobadilika? Ushahidi ulikuwepo tangu zamani. Kenya imekuwa na sera ya kuwarejesha shuleni wasichana waliojifungua tangu mwaka 1994. Zanzibar, sehemu ya jamhuri hii hii, inawaruhusu tangu 2010. Maneno ya Chalinze yaliposemwa, Makamu wa Rais alikuwa Samia Suluhu Hassan, Mzanzibari, ambaye kwao utaratibu huo ulikuwa na miaka saba tayari. Hesabu iliyokuwa ikitajwa na Benki ya Dunia, kwamba wasichana zaidi ya 120,000 huacha shule kila mwaka Tanzania na kwamba 6,500 kati yao huacha kwa sababu ya ujauzito au kulea, haikuwa siri kwa wizara. Kwa hiyo si elimu mpya iliyoingia serikalini mwaka 2021.

Kilichobadilika, kwa macho ya mwananchi wa kawaida, ni kwamba Rais Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Na nyuma ya hapo kulikuwa na mvutano mrefu wa fedha. Benki ya Dunia ilisimamisha mkopo wa elimu mwaka 2018, na Machi 31, 2020 ikaidhinisha dola milioni 500 kwa ajili ya elimu ya sekondari, baada ya malumbano makali ndani na nje ya nchi. Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani aliyeiandikia benki hiyo akiomba mkopo uzuiwe kwanza aliandamwa kwa maneno mazito na wabunge wa chama tawala. Weka matukio haya pamoja, ondoa maelezo ya serikali, na utaona yaliyobaki. Aliyekubaliana na Chalinze anaamini msimamo wa heshima uliuzwa kwa wazungu. Aliyeupinga anaamini ilitosha mtu mmoja kuondoka. Hakuna kati yao anayeamini kwamba serikali ilikaa, ikapima, ikaona ilikuwa inawadhulumu watoto. Labda ndivyo ilivyokuwa kweli. Haikutuambia.

Hapa ndipo naona hasara kubwa kuliko ya heshima ya mtu yeyote. Msimamo wa zamani haukujibiwa, kwa hiyo bado uko hai. Hoja ya kwamba mama mwanafunzi atawaharibu wenzake, hoja ya kwamba kumrudisha ni kuhalalisha uzinzi, hoja ya mtoto anayelia dirishani, zote zilitolewa hadharani na mtu mkubwa kuliko wote nchini. Zilihitaji kujibiwa hadharani, na mtu wa ngazi inayolingana. Badala yake mkuu wa shule aliyekuwa akiwaondoa wasichana kwa miaka, akiamini anatekeleza maadili ya taifa, alipelekewa waraka wa kuwapokea. Hakuambiwa kwamba alichokiamini hakikuwa sahihi. Aliambiwa tu kwamba utaratibu umebadilika. Mtu aliyeamrishwa bila kushawishiwa anajua kupokea kwa mkono mmoja na kusukuma kwa mwingine: anamwandikisha binti, kisha anamweka awe mfano wa kusutwa mbele ya wenzake kila asubuhi mstarini. Waraka hauwezi kuzuia hilo. Kauli ingeweza kulipunguza.

Na waraka ni kitu chepesi. Ulipotolewa, kanuni za 2002 zilibaki zilivyokuwa. Kilichotolewa kwa waraka kinaweza kuondolewa kwa waraka, na tumeshaona kwamba kauli ya jukwaani iliweza kuizima ahadi iliyochapishwa kwenye ilani. Serikali ikigeuka bila kueleza, haijatufundisha kwa nini isigeuke tena.

Kisha wapo wasichana wa katikati. Mwongozo uliotoka mapema mwaka 2022 unampa mwanafunzi nafasi ya kurudi katika mfumo rasmi ndani ya miaka miwili tangu alipoacha. Nje ya hapo anaelekezwa kwenye njia mbadala, ikiwemo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kama utaratibu wa kila siku, ukomo wa miaka miwili unaeleweka. Lakini mfikirie binti aliyeondolewa kidato cha pili mwaka 2017 akiwa na miaka 16. Novemba 2021 alikuwa na miaka 20, na ukomo wake ulishapita zamani. Nani aliyekuwa ameushika mlango wakati miaka hiyo miwili inahesabiwa? Ni serikali ile ile inayomwambia sasa kwamba amechelewa. Kama msimamo wa 2017 ungetajwa kwa jina na kukiriwa kuwa ulikuwa kosa, swali la wasichana hawa lingejitokeza lenyewe mezani: tuliwazuia sisi, basi miaka tuliyowazuia isihesabiwe dhidi yao. Kwa kuwa kosa halikutajwa, wao nao hawakutajwa. Wameingizwa ndani ya maneno "sababu mbalimbali", pamoja na waliokimbilia machimboni na waliohama na mifugo.

Siandiki haya kwa kudhani viongozi wetu hawajui kufanya vinginevyo. Mfano tunao nyumbani, na ni mkubwa.

Mwaka 1972 serikali ya Mwalimu Nyerere ilifuta halmashauri za wilaya, na muda mfupi baadaye zikafuata za miji. Uliitwa mpango wa madaraka mikoani, lakini madaraka yaliyokwenda mikoani yalibebwa na watumishi wa serikali kuu. Waliochaguliwa na wananchi waliondolewa. Mei 1976 zikafuata jumuiya za ushirika. Ni vigumu kumweleza kijana wa leo ukubwa wa kilichovunjwa siku ile. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu miaka ya 1920, na KNCU, muungano wa vyama vyao vya ushirika, tangu 1933. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walijenga shirikisho lao katika miaka ya 1950, wakamiliki vinu vya kuchambulia pamba, wakasomesha watoto wao kwa makato ya mazao. Ushirika uliwatoa wanasiasa walioisaidia TANU kushinda. Yote yakawekwa kando, mamlaka za mazao zikachukua nafasi. Mamlaka hizo zikala hasara mwaka hadi mwaka, mkulima akakopwa mazao yake na kusubiri malipo msimu mzima, na wengine wakaona heri kuvusha kahawa mpakani usiku.

Mwaka 1982 zilipitishwa sheria za kuurudisha ushirika na kuzirudisha serikali za mitaa, na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mpaka hapo Nyerere angeweza kunyamaza. Kosa lilikuwa limeshasahihishwa kwa sheria, na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumhoji. Lakini mwaka huo huo wa 1984, akiwa bado Rais, akihojiwa na jarida la Third World Quarterly, alisema kwamba kama angeanza upya yapo mambo ambayo asingeyafanya, na akayataja mawili hayo: kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika. Alisema walikosa subira na hawakujua. Alisema walikuwa na vyombo viwili vya kuwashirikisha wananchi, wakavitupa. Alikiri kwamba halmashauri zilikuwa na udhaifu wa kuogopa kufanya maamuzi, lakini badala ya kuzisaidia wao waliziondoa. Akayaita makosa yao mawili makubwa.

Soma tena kilichomo humo. Kosa limetajwa kwa jina. Sababu ya kosa imetajwa, nayo haikutupiwa mabeberu wala ukame wala bei ya mafuta, ingawa vyote hivyo vilikuwa vimeibana nchi kweli. Hoja iliyotumika wakati ule, ya udhaifu wa halmashauri, imekumbukwa na kupewa haki yake, kisha ikajibiwa. Mtu akimaliza kusoma anajua nchi ilisimama wapi, imehamia wapi, na kwa nini. Tangu hapo imekuwa vigumu sana kwa mwanasiasa wa Tanzania kusimama na kusema halmashauri zifutwe tena. Zinalalamikiwa, zinanyang'anywa vyanzo vya mapato, zinaingiliwa na wakuu wa wilaya, lakini hoja ya kuzifuta kabisa haijapata mtu wa maana wa kuibeba.

Kuna faida nyingine ambayo ni nadra kusemwa. Nyerere hakuacha kila kitu. Azimio la Arusha alilitetea mpaka mwisho wa maisha yake, hata wenzake walipolilegeza mwaka 1991 kule Zanzibar. Unaweza kutokubaliana naye. Lakini kwa kuwa alishaonyesha kwamba anaweza kusema "hapa tulikosea", aliposema "hapa sijakosea" watu walilazimika kumsikiliza. Anayeacha msimamo wake kimyakimya hupoteza hata uzito wa misimamo aliyobaki nayo, kwa sababu wasikilizaji hawajui ni upi ataushika mpaka kesho.

Sitaki kumfanya Mwalimu malaika katika jambo hili, kwa kuwa yeye mwenyewe alitoa mfano wa upande wa pili. Mwaka 1967 na 1968 aliandika kwa nguvu kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia vijiji vya ujamaa, kwamba kijiji cha kulazimishwa si cha ujamaa. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine nyumba zao zikibomolewa na mazao yakiachwa shambani. Kati ya maandiko yale na amri hii kuna shimo, na hakulifukia kwa maelezo ya wazi kama aliyoyatoa kuhusu ushirika. Matokeo yake tunayaona hadi leo: kila yanapotajwa majina ya vijiji vya ujamaa, wapo wanaosimulia shule na zahanati, wapo wanaosimulia moto na malori, na hawasikilizani. Suala la ushirika halina mgawanyiko wa aina hiyo. Tofauti ya mambo haya mawili, yaliyofanywa na mtu mmoja ndani ya muongo mmoja, inanishawishi kuliko nadharia yoyote.

Sasa nirudi kwenye pingamizi zito, ambalo linastahili heshima. Novemba 2021 nchi ilikuwa imetoka msibani miezi minane tu iliyopita. Rais mpya, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, alikuwa akitazamwa kwa jicho la wasiwasi ndani ya chama chake mwenyewe. Kusimama na kusema marehemu alikosea kungewasha moto ambao pengine ungeuteketeza waraka wenyewe. Kwa hoja hiyo, ukimya ulikuwa bei ya kuwafikisha wasichana darasani, na bei hiyo ilikuwa ndogo.

Nakubali nusu ya hoja hii. Nakubali kwamba mwaka 2021 haukuwa wakati wa kumtaja mtu. Lakini kutaja msimamo si kumtukana aliyeutamka. Waziri angeweza kusema kwamba tangu kabla ya awamu zote hizi shule zetu ziliifanya mimba kuwa kosa la mtoto peke yake, kwamba wizara yenyewe ilishiriki, na kwamba kuanzia leo wizara inaona hilo halikuwa haki. Asingemgusa marehemu. Angejigusa yeye na ofisi yake, jambo ambalo kiongozi anaweza kulifanya bila kuomba ruhusa ya mtu. Na hata kama 2021 ilikuwa mapema, miaka imepita. Msiba una muda wake. Ukimya huu umeuvuka.

Siasa zetu za Afrika Mashariki zinamwogopesha sana anayebadili kauli. Anaitwa kigeugeu, anaambiwa amekula matapishi yake, na picha za video za zamani zinasambazwa kwenye simu kumwaibisha. Woga huo unawafundisha viongozi kugeuka gizani. Sisi waandishi na wachambuzi tuna sehemu yetu katika hili, maana mara nyingi tunampiga kwa nguvu zaidi aliyekiri kuliko aliyejificha.

Kenya ilitupa mfano mwingine mwaka 2024, wa kurudi nyuma kwa kusukumwa. Juni 25 Bunge lilipitisha Muswada wa Fedha na vijana wakaingia bungeni. Jioni ile Rais William Ruto alizungumza kwa ukali, akautaja uhaini. Kesho yake alisema hatausaini, akaurudisha. Watu walikuwa wameshakufa mitaani. Desemba mwaka huo baadhi ya mapendekezo ya kodi yaliyokuwemo humo yalirudi kupitia sheria nyingine ya marekebisho ya kodi. Alichokuwa amekubali Juni ni kwamba wananchi hawautaki muswada. Kama muswada wenyewe ulikuwa na kasoro, na ni zipi, hilo halikupata jibu, na ndiyo maana vipengele vilipata njia ya kurudi.

Linganisha na Sierra Leone, iliyokuwa na katazo kama letu. Mwaka 2015, shule zilipofunguliwa tena baada ya kufungwa kwa sababu ya Ebola, serikali ilipiga marufuku wasichana wenye mimba kuingia darasani na watoto wengine. Desemba 2019 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikasema katazo hilo ni ubaguzi. Machi 2020 serikali ya Rais Julius Maada Bio ikaliondoa waziwazi, ikilitaja kwa jina, kisha ikaandika sera ya elimu jumuishi inayowataja wasichana wajawazito na wazazi miongoni mwa wanaopaswa kulindwa. Kweli, Bio alikuwa akifuta uamuzi wa serikali iliyomtangulia, ya chama kingine, na hilo ni jepesi kuliko kufuta uamuzi wa nyumbani kwako. Lakini mwalimu wa Freetown alijua kilichofutwa ni nini.

Sisi nasi tumepewa nafasi ya pili. Mwaka 2019 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na shirika la Center for Reproductive Rights, walipeleka malalamiko mbele ya Kamati ya Wataalamu ya Umoja wa Afrika kuhusu haki na ustawi wa mtoto. Uamuzi uliotangazwa mwaka 2022, baada ya waraka kuwa umeshatoka, ulisema Tanzania ilikiuka haki za wasichana hawa, na ukaitaka ikomeshe vipimo vya lazima vya mimba shuleni na iwasaidie waliopoteza masomo warejee. Yaani Kamati ilifanya kile ambacho waraka haukufanya: ilitazama nyuma.

Ninachokitaka kinawezekana ndani ya kikao kimoja cha Bunge. Haki ya binti mjamzito na aliyejifungua kubaki shuleni na kurudi shuleni iandikwe ndani ya Sheria ya Elimu yenyewe, isibaki mikononi mwa waraka. Kipengele cha maadili katika kanuni za 2002 kiandikwe upya ili mkuu wa shule asiweze tena kuingiza mimba humo. Vipimo vya lazima vikatazwe kwa maandishi. Na siku muswada huo utakaposomwa, waziri aeleze kwa maneno yake mwenyewe msimamo uliokuwepo, nani aliutekeleza, na kwa nini serikali inauacha.

Kisha wahesabiwe walioondolewa kati ya Juni 2017 na Novemba 2021. Wengi wao sasa ni wanawake wa miaka ishirini na kitu, wana watoto walioanza shule. Kwao ukomo wa miaka miwili uondolewe, na gharama za njia mbadala, kuanzia ada ya vituo hadi ada ya mtihani, zibebwe na serikali. Majina yao hayahitaji utafiti wa kigeni kuyapata. Yamo kwenye rejista za shule walizofukuzwa, pamoja na tarehe.